Mji Usio na Dobi

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, nilijenga mtaa mmoja wa Mombasa kwa kadibodi katika chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga Queensbury, Uingereza. Ulikuwa Ndia Kuu, kama ilivyokuwa karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni, Waingereza walipokwisha kuingia na kampuni yao na bendera yao, na kila aliyekuwa na kitu cha kuuza akatafuta mlango wa kukiuzia. Mama alinipa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya kochi, televisheni na kabati la vyombo.

Sikusomea kazi hiyo popote. Nilijifunza kwa vitabu vya maktaba ya Harrow, vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wanaojenga reli ndogo majumbani mwao, na kwa kuharibu. Vitabu vilieleza namna ya kuchonga dirisha la Kiingereza, dohani la Kiingereza la kutolea moshi, paa la vigae lililoota ukungu. Hakuna kilichoeleza namna ya kuchonga mlango wa Mombasa, wala baraza ya kukaa watu nje ya duka. Hayo niliyabuni kwa kutazama picha za zamani, nikikata na kutupa, nikikata na kutupa, mpaka vidole vikawa na makovu ya wembe.

Lazima niseme nilivyokuwa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Sikuwahi kumaliza kitu. Chuo nilikiacha mwaka wa kwanza kwa sababu sikuweza kukabidhi kazi. Niliandika insha, nikaifuta, nikaiandika upya, na siku ya kukabidhi ikanipita nikiwa bado natafuta sentensi ya kwanza. Watu wakisema wanapenda kazi safi husema kama wanaojisifu. Kwangu ulikuwa ugonjwa. Nikiona mstari umepinda kidogo, tumbo lilikaza, na dawa pekee niliyoijua ilikuwa kubomoa. Chini ya kitanda changu kulikuwa na nusu ya nyumba, nusu ya meli, na msikiti usio na mnara. Mama alikwisha kuacha kuuliza ninajenga nini. Aliuliza tu kama avitupe.

Mchana nilikuwa muuzaji katika duka moja Kenton. Lilikuwa duka la sufuria, sinia, ubani, mchele wa magunia na viungo vya kupima. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa bora kuliko changu, kwa kuwa mimi nililetwa Uingereza nikiwa mtoto na kwa miaka mingi mama aliponisemesha Kiswahili nilimjibu kwa Kiingereza. Siku moja mzee alivuta droo ya kaunta akitafuta mkasi, akakuta duka lake mwenyewe. Nilikuwa nimelijenga ndani ya kisanduku cha viatu vya mtoto, na sufuria zake nilizikunja kwa vifuniko vya bati vya chupa za maziwa. Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye alivaa miwani, akalitazama kwa muda, akauliza mbona mizani iko kushoto wakati yake iko kulia. Nikamwambia ndiyo maana sijamaliza.

Mzee huyo alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu waliotoka pwani, ambao wengi wao waliishi Kenton, Queensbury na Harrow. Chama kilikuwa kikiandaa maonyesho ya mji wa zamani katika ukumbi wanaoukodi kwa harusi. Watu walikuwa na picha na vyombo, lakini mzee alitaka kitu katikati ya ukumbi, kitu ambacho mtu atakizunguka. Alinitaka nijenge mtaa. Nilikubali kabla sijafikiri, kisha usiku sikulala.

Aliweka sharti moja, na lilionekana la haki. Kila jengo litakuwa na wenyewe. Ukoo utakaodai duka katika mtaa utanieleza babu zao waliuza nini na kwa namna gani, na siku ya kufungua mmoja wao atasimama kando ya meza, mbele ya duka lao, awaeleze watu. Mzee hakutaka maduka ya kubuni. Mimi hilo lilinifurahisha kuliko yeye, kwa sababu kitu cha kubuni siwezi kukilinda. Mtu akiniuliza, ninataka kuwa na jibu.

Basi wakaja. Walikuja dukani na wengine nyumbani, wakiwa na makoti yao mazito na boksi za peremende, wakakaa kwenye kochi letu na kunisimulia. Babu wa huyu aliuza pembe za ndovu. Babu wa yule aliuza vitambaa vya merikani na kaniki. Mmoja aliuza samli, mwingine sandarusi, ile gundi ya miti, mwingine ngozi za ng'ombe na karafuu kutoka Unguja, mwingine shanga za rangi ambazo misafara ilizipeleka bara. Nilisikiliza, nikauliza mlango ulifunguka ndani au nje, mizigo ilikaa sakafuni au juu ya miti, gunia lilishonwa kwa uzi gani. Wengine walicheka maswali yangu. Wengine walipiga simu kwa shangazi zao ili wanijibu.

Ujenzi wa mtaa ulipofika katikati niliona kasoro ambayo haikuwa ya mkono wangu. Kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Kuanzia mwanzo wa mtaa hadi kwenye kisima cha mwisho kulikuwa na watu wanaouza, na hakuna aliyewanyoa ndevu. Hakukuwa na kinyozi, fundi viatu, mshona kanzu, mchota maji wala mtia bati wa sufuria. Hamali walionibebea magunia niliwaweka kwa kuwa magunia hayawezi kutembea, lakini hakuna aliyekuja kusema kuwa mmoja wao alikuwa wake, na tulijua sote kwamba katika mji ule wapo waliobeba kwa sababu walimilikiwa na mtu. Hilo nalo halikuwa na mwenyewe.

Niliuliza. Kinyozi alikuwepo, waliniambia, bila shaka alikuwepo, lakini si kwetu, waulize wale wa upande wa pili. Wa upande wa pili wakanirudisha kwa wa kwanza. Bwana mmoja ambaye jina la ukoo wake kwa lugha yao linamaanisha mshona nguo aliniambia kwa utulivu kwamba karani wa bandarini alikosea kuliandika. Nilipouliza habari za dobi, mke wa mwenye duka alifikiri kidogo. Akasema dobi alikuja, akachukua nguo, akaenda zake. Alikwenda wapi, nikamuuliza. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza mvua ikishanyesha huenda wapi.

Mama yangu alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba ya kulelea wazee, Harrow. Alifua mashuka, akakausha, akapiga pasi, akakunja, na kurudi nyumbani kwa treni akiwa amevaa koti zuri na mkoba wa ngozi, sare ya kazi ikiwa imekunjwa ndani ya mkoba. Kwa watu wa Kenton alikuwa akisema anafanya kazi na wazee, jambo ambalo ni kweli, na watu wakaelewa wenyewe kwamba ni muuguzi. Hakuwasahihisha. Ilifika mahali wanawake walimletea pakiti za dawa harusini ili awasomee. Mama alizisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama zilivyoandikwa, akawaambia wamuulize daktari, na sifa yake ikazidi. Kwa dada yake aliyebaki Mombasa alikuwa anafanya kazi hospitali.

Jioni moja alirudi akanikuta napaka rangi watu wa mtaani. Nilikuwa nimewachonga kutoka kwenye vipande vya mti laini, warefu kama nusu ya kidole, na nilikuwa nawapaka kanzu kwa brashi yenye nywele chache. Alisimama bado amevaa koti, akainama.

"Weupe wote huu," alisema. "Nani afua?"

Nikamwambia hakuna. Nikamweleza habari ya mji mzima usio na dobi, na kwamba nimeuliza kila mtu. Nilitaka acheke. Alikaa kwenye kochi, akavua viatu, akaniambia bila kunitazama kwamba babu yake alikuwa dobi. Alifua nyuma ya mtaa huo huo, karibu na kisima, yeye na mkewe, na wenye maduka wote walimpelekea nguo, na baadaye Waingereza wa kampuni. Mama hakumwona, babu alikufa kabla yeye hajazaliwa, ila bibi, mke wa huyo dobi, ndiye aliyemlea na kumsimulia. Nilikuwa nimeishi na mama miaka yote ile na sikuwahi kulisikia jambo hilo.

Jioni hiyo alisema mengi, labda kwa uchovu. Alisema juu ya jiwe la kupigia nguo, lililochimbika katikati. Alisema juu ya pipa la kuchemshia, nili ya kuzitia kanzu buluu kidogo ili zionekane nyeupe zaidi, wanga wa muhogo, pasi ya mkaa ambayo bibi aliijaribu kwa kuidondoshea mate. Alisema kila nyumba ilikuwa na alama yake ya uzi, imeshonwa ndani ya ukosi mahali pasipoonekana, maana babu hakujua kuandika na hakuhitaji. Alisema yeye mwenyewe bado anawashonea wazee wa Harrow nyuzi kwenye kosi zao, kwa sababu vibandiko vya majina wanavyoletewa vinabanduka kwenye maji ya moto na mwisho wazee wanavaa suruali za wenzao. Kisha akaenda kupika.

Nilianza kesho yake. Mwisho wa mtaa, karibu na kisima, palikuwa na kiwanja nilichokiacha wazi. Nikajenga uwa wa dobi, mahali pake pa kufulia. Nikachonga jiwe na kulichimba katikati. Nikafanya pipa kwa kizibo cha chupa, nikaweka moto chini yake. Nikachanganya rangi ya nili mpaka nikapata ile ambayo haipigi kelele. Nilianika nguo kwenye kamba na kuzibana kwa vibanio ambavyo nilichonga kutoka kwenye njiti za kiberiti, kila kimoja na mpasuko wake, kidogo kama punje ya ufuta. Vibanio hivyo ndivyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nasema hivyo sasa na bado naona haya kidogo, kwa jinsi nilivyovipenda.

Mama hakuja kutazama. Alipita chumba cha mbele kama watu wanavyopita mbele ya chumba cha mgonjwa. Nilidhani anasubiri nimalize. Nilipomwambia zamu yake ya kusimama itakuwa ya mwisho, baada ya muuza ngozi, aliuliza kusimama kwa nani. Nikamkumbusha sharti la mzee.

Alisema hapana, kisha akaniambia sababu, kwa sauti ya chini kama mtu anayeeleza njia. Alikuja nchi hii peke yake na mtoto, kwa kuwa baba alibaki na maisha yake mengine. Miaka mingi ilipita kabla watu wa Kenton hawajamwita harusini. Sasa wanamwita, wanamweka meza ya mbele, wanamwita dada. Akisimama pale kama mjukuu wa dobi, swali litakalofuata litakuwa yeye anafanya nini, na kusema uongo kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, hawezi. Alikuwa ameacha tu watu waseme.

"Wao wana pembe za ndovu," alisema. "Mimi niende na povu la sabuni?"

Naweza kusema nilimwonea huruma, na ni kweli, lakini kwanza niliufikiria uwa. Niliuona unaondolewa. Nilijua nini kingefuata, maana kilikuwa kimefuata mara zote. Mtaa usio na dobi ulikuwa uongo, na kitu cha uongo sikuweza kukikabidhi. Ningesema bado kidogo. Ningeahirisha. Ndia Kuu ingeingia chini ya kitanda.

Mzee aliona kiwanja kile kwenye mchoro wangu wa mtaa akauliza ni cha nani. Nilisema bado natafuta. Akasema vizuri, maana binamu yake wa Harrow ameudhika hana duka, babu yake naye aliuza samli, mpe pale. Nilimwambia samli tunayo. Mzee alisema mji haufi kwa samli kuzidi. Alitaka kila kitu kiwe ukumbini Jumamosi asubuhi, na watu wangekuja Jumapili.

Siku zilizobaki sikufanya kazi ya maana. Nilikaa mbele ya mtaa nikihamisha gunia moja kutoka huku kwenda kule. Ijumaa baada ya kazi nilimfuata mama jikoni, alikokuwa anakanda unga wa maandazi ya maonyesho, kwa sababu alikuwa amejitolea chai. Nikamwambia nitamtoa dobi na kuweka samli. Nilisema hivyo nikitumaini atanikataza. Aliendelea kukanda.

"Yule ni babu yangu mimi," alisema mwishowe. "Kwako ni nani?"

Nikasema ni babu yake mama.

"Basi wewe huna miguu? Simama wewe. Mimi nitakuwa jikoni na maandazi yangu."

Nilimuuliza kama anajua maana yake, kwamba watu wote wanajua mimi ni mtoto wa nani. Aliniambia ninyamaze nimpe hiliki. Sikuuliza tena. Nilijua ningeuliza zaidi angeweza kubadili mawazo, na nilitaka dobi abaki. Mimi, ambaye nilikuwa navuka barabara nisikutane na mtu ninayemjua, ambaye dukani nilijificha ghalani wateja wakizidi, niliona afadhali kusimama mbele ya ukumbi mzima kuliko kuona kopo la samli mahali pale. Ndivyo nilivyokuwa.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kwenye kuta zilitundikwa picha, na juu ya meza za pembeni kulikuwa na vyetezo, sinia na birika za shaba. Mtaa wangu ulikaa katikati kwenye meza zilizounganishwa, na mimi nilisimama karibu na kisima nikiwa nimevaa suti ya kuazima. Watoto walikuja kwanza, wakaweka pua zao kwenye paa. Wazazi wao waliwavuta nyuma kwa Kiswahili na watoto wakajibu kwa Kiingereza. Mzee alisema maneno ya kufungua, kisha koo zikaanza zamu zao.

Walieleza vizuri. Wa pembe alieleza jinsi zilivyopimwa na kufungwa kwa majani. Wa sandarusi alikuwa na kipande halisi, akakipitisha mkono kwa mkono watu wakinuse. Baada ya duka la tatu la pembe, mke wa mwenye duka, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na kikombe chake, alisema kwamba kwa pembe hizi zote ndovu wa Mombasa nzima walitembea bila meno. Watu wakacheka, na wa pembe wakacheka wa mwisho. Kutoka dirisha la jikoni nilisikia vikombe vikipangwa.

Zamu yangu ilipofika niliuonyesha uwa kwa kidole. Nilisema kwamba hapa ni kwa dobi. Nilisema dobi huyu alikuwa babu wa mama yangu, na kwamba alifua nguo za maduka yote ambayo wamekwisha kuyaona. Kisha sikukumbuka lingine. Niliwaona watu wakifanya hesabu za jamaa vichwani mwao. Baadhi waligeuka kutazama jikoni.

Binamu wa mzee, yule wa samli aliyekosa duka, ndiye aliyesema kwanza. Alinyoosha kidole kwenye kamba yangu ya nguo.

"Basi kijana, nirudishie kanzu ya babu yangu," alisema. "Mpaka anakufa alilia kwamba imepotea kwa dobi."

Walicheka sana. Kilikuwa kicheko cha utani, najua, lakini mimi nilisikia masikio yakiwaka moto, na ili niseme kitu chochote nikakimbilia kwenye kile nilichokijua. Niliwaonyesha vibanio. Nikawaambia watazame, nguo zimeanikwa kwa vibanio kama zilivyoanikwa wakati ule, na kila kimoja nimekichonga kwa njiti ya kiberiti. Wengine walisogea kuona. Nikaanza kueleza mpasuko.

"Vibanio gani?"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya maandazi. Sijui alikuwa ametoka kuleta maandazi au alitoka kwa sababu nyingine. Aliweka sinia juu ya kiti cha kwanza alichokikuta, akaja akifuta mikono kwenye aproni, na watu wakampisha. Aliinama juu ya uwa wa dobi kwa mara ya kwanza tangu niujenge.

"Babu hakuwa na kibanio," alisema. "Kibanio chaacha alama kwenye nguo. Yeye alisokota kamba mbili pamoja, akachomeka pembe ya nguo katikati, kamba zikaibana zenyewe. Upepo uvume utakavyo, nguo haianguki."

Huku akisema alikuwa akivitoa. Alitumia kucha, kimoja baada ya kingine, na vibanio vyangu vilianguka kwenye kadibodi na vingine sakafuni, na mimi niliviona vinaanguka. Alichomoa sindano yenye uzi aliyoichomeka kwenye pindo la gauni lake, akakata vipande viwili vya uzi, akavisokota kwa vidole, akavifunga mahali pa kamba yangu. Kisha akachukua kanzu ndogo, akaichomeka pembe kati ya nyuzi. Ikakaa.

Aligeuka kwa binamu wa mzee.

"Na kanzu ya babu yako haikupotea," alimwambia. "Alinenepa, ikamkataa, akaona haya kuijia."

Binamu alikuwa mtu mwenye tumbo kubwa, na kicheko cha safari hii kilimwendea yeye. Alikipokea vizuri. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili akasema hilo basi ndilo urithi wake.

Wakati watu bado wanacheka, mke wa mwenye duka aliinuka na kikombe chake akaja karibu na mama. Mimi nilikuwa katikati yao nimepiga magoti, nikitafuta vibanio chini ya meza, kwa hiyo nilisikia. Alimuuliza polepole, si kwa ubaya, kama kule kwa wazee kumbe anafua.

Mama alikaza kamba ya aproni.

"Nafua," alisema. "Napiga na pasi."

Mke wa mwenye duka aliangalia ndani ya kikombe. Niliona viatu vyake, na viatu vya mama, na havikusogea.

"Na madoa ya manjano?" aliuliza. "Manjano yanatokaje, dada? Nimeharibu vitambaa vya meza vyote."

Mama alimwambia akitia sabuni yatageuka mekundu, asishtuke, asisugue. Asuuze, aanike jua likiwa limewaka.

"Jua la wapi? La Kenton?"

"Lolote litakalotoka. Siku mbili tatu. Yatakufa yenyewe."

Mwanamke mwingine alisikia akauliza juu ya mafuta ya samli kwenye hariri. Wa tatu alivuta pindo la vazi lake mwenyewe na kumwonyesha doa la tangu harusi ya mwaka uliopita. Mama alilipeleka pindo kwenye mwanga wa dirisha, akalikuna kwa kucha, akalinusa, akauliza ilikuwa chai au embe. Wanaume walirudi kwenye pembe zao. Wanawake walijaa upande wangu wa meza wakiupa mtaa mgongo, na mmoja aliegemea nyumba ya muuza shanga mpaka paa likabonyea. Nilibaki chini na vibanio kwenye kiganja. Kwa mara ya kwanza kazi yangu ilikuwa mbele ya watu, imekwisha, na hakuna aliyekuwa akiitazama. Niliona uchungu, halafu nikaona kwamba tumbo halikazi.

Jioni tulirudi kwa basi, sinia tupu magotini mwa mama. Alilalamika kwamba chai ilikuwa nyepesi, na kwamba nimemweka dobi mwenye ndevu wakati babu hakuwa nazo. Nilisema nitamrekebisha. Akasema nimwache, amekwisha kutazamwa na watu.

Tulipofika alimpigia simu dada yake Mombasa, akiwa chumba cha mbele. Nilimsikia kutoka mlangoni akimweleza kuhusu ukumbi, mtaa, na mwanawe aliyeanika kanzu za babu kwa vibanio kama Mzungu, na akacheka mpaka akakohoa. Kisha dada yake alimuuliza jambo, na mama akajibu kwamba kazi haijambo, hospitali ni shughuli tu, kesho anaingia asubuhi. Nilikuwa nimeshika kitasa. Niliufunga mlango wa chumba cha mbele taratibu ili asikatishwe, nikapanda kulala.